Nico kafukuzwa, sasa wanasema AD naye atolewe. Hivi timu inatakiwa imtoe staa wake au ikae nae mpaka azeeke?

Chalii wa Mbauda (mleta mada)

Wakuu habarini. Uzi wa kikapu huu, wa Simba na Yanga mnakaribishwa ila naomba msiuteke.

Kwa ambao hamjasikia, Dallas Mavericks (Mavs) wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, jana tarehe 11 Novemba 2025 wamemfukuza Nico Harrison, yule meneja mkuu alomtoa Luka Doncic kwenda Lakers mwezi wa pili mwaka huu. Timu imecheza mechi 11 msimu huu, imeshinda 3 imefungwa 8, na nyumbani kila mechi mashabiki wanaimba Nico afukuzwe, hata mtu akienda kupiga frii throo (mtupo huru) wanaimba.

Mi ni Mavs tangu 2011, mwaka ule staa wetu Dirk Nowitzki alivyowalaza LeBron, Wade na Bosh wa Miami fainali 4-2. Sasa ile siku ya Luka ilikuwa Jumapili tarehe 2, kwetu huku saa mbili na kitu asubuhi, mke kashavaa ananiita twende ibadani, mi niko mlangoni na kiatu kimoja nasoma simu nikasema huyu mwandishi alietoa hii habari wamemdukua akaunti. Haikuwa kudukuliwa. Luka kaenda, kaja Anthony Davis (AD), Max Christie na piki moja ya raundi ya kwanza ya Lakers ya 2029. Basi. Mtoto wa miaka 25 aliewapeleka fainali 2024! Kanisani mahubiri sikuyasikia, mzee wa kanisa ananiuliza umefiwa kijana? Nikamwambia karibu na hapo mzee.

Sasa leo naona watu wanasema eti hatua inayofata ni kumtoa na AD, na staa mwingine Kyrie Irving, waanze upya na yule dogo Cooper Flagg. Mi nasema HAPANA. Msimamo wangu ni mmoja, staa hatolewi. Dirk alikaa misimu 21 timu moja. 2006 alipoteza fainali wakiwa wanaongoza 2-0, 2007 walishinda mechi 67 afu wakatolewa raundi ya kwanza na Warriors walioingia nafasi ya nane, watu wote walisema aondoke, hawakumtoa, 2011 kombe likaja. Angetolewa 2007 lile kombe lingetoka wapi?

Karibuni, matusi hapana.

---

Tajiri Mtoto wa Sakina

Wa kwanza. Nasubiri na karanga.

---

Dada wa Rau

Kaka pole na msiba wa Februari, naona bado hujaanua tanga.

Ila Dirk ni mmoja. Wewe umechukua yule mmoja aliefika ukasahau wale waliobaki njiani. Damian Lillard alikaa Portland misimu 11, mwaminifu, watu wanampenda kama mtoto wa kuzaa, fainali hakuonja hata moja na mwisho wa siku 2023 mwenyewe ndo akaomba kuondoka. Washington kwa Bradley Beal ndo usiseme, 2022 wamempa mkataba wa dola milioni 251 wa miaka mitano na juu yake wakampa haki ya kukataa kuhamishwa bila ridhaa yake, yaani wamempa gari, wamempa kadi ya gari na funguo ya akiba. Mwaka mmoja tu mbele wamemtoa kwenda Phoenix wakapata vitu vya kujazia kapu, kwa sababu yeye ndo alikuwa anachagua aende wapi.

Uaminifu ni mzuri kwenye ndoa, kwenye timu una bei yake na kila msimu bei inabadilika. Nafanya kazi SACCOS huku Moshi, kila siku naona watu wameng'ang'ania kitu mpaka kinashuka thamani kwa sababu "hiki alikiacha baba".

---

Chalii wa Mbauda

Dada wa Rau alisema: *Uaminifu ni mzuri kwenye ndoa*

Hahaha sawa dada ila Luka alikuwa hajashuka thamani, alikuwa anapanda. Hapo unasemaje?

---

Dada wa Rau

Hapo nasema Nico alikosea. Sijasema kila anaetoa staa kapatia. Nasema sheria yako ya "hatolewi" ndo sio sheria.

---

Mnazi wa Msimbazi

Samahani naingia na mpira wa miguu kidogo. 2021 Simba tuliwauza Luis Miquissone Al Ahly na Chama Berkane kwa mkupuo mmoja. Msimu uliofata Yanga wakachukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja, na Chama tulimrudisha dirisha dogo akiwa keshaacha pengo. Ushahidi tosha, staa hauzwi. Namuunga mkono mleta mada.

---

Kijani Damu Njiro

Mnazi wa Msimbazi acha uongo wa nusu. Yanga 2023 tumemuuza Mayele Pyramids, mfungaji wetu bora, watu walilia mpaka na sisi tukalia. Msimu uliofata ubingwa ni wa nani? Wetu. Shida yenu haikuwa kuuza, shida mliuza wawili hamkuwa na wa kuziba.

---

Chalii wa Mbauda

Nilijua tu. Dakika ishirini hazijaisha.

---

Dada wa Rau

Tena hiyo mifano ya mpira inapotosha. Kwenye mpira unauza unapata HELA, na hiyo hela unaenda kununua mwingine. NBA hamna kuuza kwa maana hiyo. Ni kubadilishana, mtu kwa mtu, au mtu kwa piki, na mishahara ya wanaoenda na wanaokuja lazima ikaribiane kwa sababu kuna ukomo wa mishahara. Luka na AD msimu ule kila mmoja alikuwa analipwa kama milioni 43, ndo maana wakaweza kuvukishwa kirahisi. Sasa hivi AD analipwa milioni 54, ili umtoe lazima upate timu yenye mizigo ya milioni 50 na kitu ya kukurudishia, na mizigo hiyo mara nyingi ni ya kujazia tu, chakula chenyewe kipo kwenye piki.

---

Tajiri Mtoto wa Sakina

Swali la kijinga samahanini. Hizi piki piki mnazosema kila saa, nasikia OKC (timu ya Oklahoma City) walipewa piki tano, Dallas kapewa piki moja ya 2029... ni bodaboda au?

---

Kocha wa Ngarenaro

😂😂😂 Boxer mpya tano na kofia zake

---

Mzee wa Ribaundi

Ngoja nimjibu huyu dogo maana na mimi nilianza hivyo hivyo. Umeshawahi kuwepo soko la Kilombero asubuhi belo la mtumba linafunguliwa? Anaeingiza mkono wa kwanza ndo anaondoka na zile nguo safi, anaekuja wa ishirini anachagua soksi za mguu mmoja. Drafti ni hiyo. Kila mwaka belo linafunguliwa, wachezaji wapya wanatoka vyuo na ng'ambo, timu zinachagua kwa zamu. Zamu yako ndo piki yako. Timu mbovu ndo zinatangulizwa mbele ila zamu za juu zinapigiwa kura ya bahati nasibu. Dallas mwezi wa tano mwaka huu walikuwa na nafasi ya asilimia 1.8 tu ya kupata zamu ya kwanza, wakaipata, wakaondoka na Flagg. Yaani mtu kachelewa kufika sokoni, kakuta belo limegoma kufunguka, kamba ikakatika mbele yake.

Sasa timu zinaruhusiwa kuuziana zamu mpaka za miaka saba mbele. Unakuta mtu leo anatoa zamu ya mtoto ambae saa hizi yuko darasa la tano.

---

Tajiri Mtoto wa Sakina

Nimeelewa mzee wangu, shikamoo. Bora ungekuwa mwalimu wangu wa hesabu.

---

Mzee wa Ribaundi

Marahaba.

Na kwenye hoja yenyewe nina neno. Sisi Watanzania tunalalamika sana kuhusu kutoa wachezaji ila tumesahau wa kwetu. Hasheem Thabeet alichaguliwa zamu ya PILI 2009 na Memphis. Wa tatu alikuwa James Harden, wa saba Stephen Curry. Acheni niirudie, Curry wa saba. Mwezi wa pili 2011 Memphis wakaona haiendi, wakamtoa Hasheem kwenda Houston, juu wakaongeza DeMarre Carroll na piki ya raundi ya kwanza, wakamchukua Shane Battier na Ish Smith. Sisi huku tulinuna, nakumbuka kijiweni Kaloleni tulisema wamembania, hawakumpa muda. Lakini miezi miwili mbele Memphis wameingia mtoano nafasi ya nane wakawatoa San Antonio walioshika nafasi ya kwanza, 4-2, na mechi ya kwanza kabisa alieua kwa mtupo wa pointi tatu ni huyo huyo Battier.

Roho iliniuma ila wale jamaa walikuwa sahihi. Walikubali kwamba walikosea 2009 na hawakusubiri wazeeke na kosa lao. Kukubali hasara mapema sio jambo dogo, wengi tunaendelea kulisha ng'ombe asietoa maziwa kwa sababu tulimnunua ghali.

---

Chalii wa Mbauda

Mzee Hasheem tunampenda ila hakuwa staa kule, alikuwa ahadi. Mi naongelea staa kamili aliekamilika.

---

Dada wa Rau

Haya staa kamili. Boston 2013. Paul Pierce alikuwa Boston tangu 1998, Kevin Garnett aliwapa kombe 2008. Wakawatoa wote wawili pamoja na Jason Terry kwenda Brooklyn. Boston walilia! Walichopata ni piki za Brooklyn za 2014, 2016 na 2018 na haki ya kubadilishana zamu 2017. Brooklyn wakaanguka, zile zamu zikawa dhahabu. Ya 2016 ikawa Jaylen Brown. Ya 2017 ikawa namba moja kabisa, wakashuka mpaka namba tatu kwa kuongezewa piki nyingine, wakamchukua Jayson Tatum. Hao wawili ndo waliowafunga Mavs wako 4-1 fainali 2024 kaka. Yaani ulilia 2024 kwa sababu ya biashara iliyofanyika 2013 wewe ukiwa huna habari.

Jambo ninalotaka uone hapo, Pierce alikuwa na miaka 35 na Garnett 37. Boston hawakutoa vijana. Walitoa watu ambao majina bado yana bei lakini magoti hayana. Walimkuta mnunuzi mwenye haraka. Hiyo ndo saa ya kumtoa staa, mwaka mmoja kabla soko zima halijajua.

---

Dalali wa Mawe

Nimesoma kimya kimya toka juu mpaka hapa ngoja nitoe la kwangu. Mi shughuli zangu ni tanzanite, niko mjini hapa miaka mingi, siangalii sana kikapu ila hii stori ya Nico nimeielewa vizuri kuliko nyie wote.

Enzi zile mtu akipata jiwe Mererani alikuwa anashuka nalo mjini. Akiwa na akili anamuonyesha dalali wa kwanza, anasikia bei, anafunga karatasi anaondoka. Anaenda kwa wa pili. Kwa wa tatu. Ikifika jioni mji mzima unajua kuna jiwe na wanunuzi wanaanza kumtafuta yeye. Ila kuna yule anaogopa. Anaogopa kuibiwa, anaogopa wenzake wa shimoni wasijue, anaogopa jiwe lina ufa ambao yeye peke yake kauona. Huyo anamfata mtu MMOJA, wanakaa pembeni, kimya kimya, na anauza kwa bei ya huyo mmoja. Asubuhi yake anasikia lile jiwe limeenda mara tatu yake.

Nico ndo huyo. Alikaa na mtu wa Lakers wakaongea kwa siri wiki na wiki, timu zingine hazikupigiwa hata simu. Kama kweli aliona ufa kwenye jiwe, kwamba dogo mnene, hafanyi mazoezi, anaumia, sawa, inawezekana aliona, mi sibishi, mwenye jiwe ndo anaejua jiwe. Na pia nasikia alikuwa anakaribia kumlipa kama milioni 345 za miaka mitano. Lakini hata jiwe lenye ufa unalitembeza. Timu 29 zingegombania, angepata piki nne tano na vijana wawili. Yeye akapata piki MOJA.

Kumtoa sio kosa. Kosa ni kumnong'oneza mnunuzi mmoja.

---

Kijani Damu Njiro

Dalali umemaliza uzi.

---

Chalii wa Mbauda

Aisee dalali umenigusa pabaya. Tangu Februari najiuliza nini hasa kinaniuma, nilifikiri ni kuondoka kwa Luka kumbe ni BEI. Na ile usiku tarehe 9 mwezi wa nne aliporudi Dallas mi niliamka, huku kwetu ilikuwa alfajiri, wakamuwekea ile video kabla ya mechi akaanza kulia na taulo usoni, afu akatupia pointi 45. Mke akaamka akanikuta sebuleni kwenye giza nafuta macho akaniuliza kuna nini nikasema mafua.

---

Tajiri Mtoto wa Sakina

Mafua ya Slovenia, kwao Luka 😂

---

Mjukuu wa Mangi

Nipo Kiboriloni hapa nawasoma. Mbona hamjaitaja OKC vizuri, mmepita juu juu tu? Hao ndo walimu wa hii biashara. Na wamefanya zote mbili, wamewahi kukosea na wamewahi kupatia, kwa meneja yule yule Sam Presti.

Kukosea: Oktoba 2012, wametoka kucheza fainali, wana Durant, Westbrook na Harden, wote vijana. Harden wakashindwana nae hela ya mkataba, wakamtoa Houston. Walirudishiwa Kevin Martin, Jeremy Lamb na piki, mojawapo ikaja kuwa Steven Adams. Adams mzuri ila Harden alikuja kuwa MVP (mchezaji bora wa ligi) 2018! Wale watatu hawakurudi tena fainali pamoja. (Mzee wa Ribaundi, Hasheem alikuwa kwenye benchi la OKC msimu ule ule, alishuhudia kwa macho.)

Kupatia: 2019 Clippers wamempata Kawhi Leonard kwa sharti waje na Paul George. Yaani mnunuzi ana haraka na hana pa kwenda. Presti akamwambia sawa mchukue Paul George, nipe Shai Gilgeous-Alexander aliekuwa kamaliza msimu mmoja tu wa ligi, nipe Gallinari, nipe piki tano za raundi ya kwanza na zamu mbili za kubadilishana. Moja ya hizo piki ikawa Jalen Williams 2022. Juni mwaka huu OKC mabingwa, wamewafunga Indiana mechi ya saba, Shai MVP wa msimu na MVP wa fainali. Clippers mpaka leo wanalipa deni.

Sasa angalieni tofauti. Harden alitolewa na timu iliyobanwa na hela na muda. Paul George alitolewa kwa timu iliyobanwa. Anaebanwa ndo anapigwa, Kariakoo, Mbuyuni, au Los Angeles.

---

Mnazi wa Msimbazi

Ila msiwe mnasema matunda bila kusema njaa. OKC hao hao baada ya kuwatoa wakina Paul George na Westbrook walikaa kwenye matope, msimu mmoja wameshinda mechi 22 mwingine 24. Mashabiki walikuwa wanalipa hela kwenda kuangalia timu inafungwa makusudi. Leo tunawasifia kwa sababu mbegu iliota. Wangapi mbegu zao hazikuota? Charlotte wanapanda kila mwaka. Wizards wanapanda. Hamna mtu anawaandikia uzi.

---

Mjukuu wa Mangi

Hiyo point, nakubali.

---

Kocha wa Ngarenaro

Wakuu mi nitoke nje ya NBA kidogo. Nafundisha vijana wa mtaani, korti yetu ni ya sementi, ringi moja imepinda, mipira tunayo mitatu na mmoja una uvimbe kama tumbili kameza embe. Miaka miwili nyuma nilikuwa na dogo, urefu futi sita na inchi saba, nilimtoa kwenye mpira wa miguu alikuwa golikipa. Nimemfundisha kuweka miguu, nimemnunulia viatu, mguu namba 47 mnajua shida yake hapa mjini, tulivipata baada ya miezi miwili. Siku moja timu moja ya Dar ikampigia simu moja kwa moja. Kesho yake kapanda basi. Hakuna barua, hakuna asante kocha, hakuna hata mpira mmoja. Mama yake ndo alinipigia kuniambia mwanangu kafika salama.

Mi simlaumu dogo, kapata chumba na chakula na wanamlipia chuo. Lakini nyie mnavyobishana Nico kapata piki moja tu nacheka peke yangu. Mi nilitoa staa wangu nikapata sifuri. Wangenipa mipira sita na neti mbili ningemsindikiza stendi mwenyewe na kumuombea.

Kwa hiyo kwa upande wangu swali la timu imtoe staa au imuweke ni swali la matajiri. Huku kwetu staa anatoka tu. Swali letu ni je utapata kitu kabla hajatoka.

---

Dada wa Rau

Kocha hii imeniuma. Kwani chama cha mkoa hakina utaratibu wa fidia ya malezi?

---

Kocha wa Ngarenaro

Dada utaratibu kwenye makaratasi unaweza kuwepo, ila kijana hana mkataba na mimi, ana urafiki na mimi. Urafiki hauna kipengele. Sasa hivi wapya nawaandikisha, mzazi anasaini karatasi moja kwamba timu ikimtaka ije tuongee. Haina nguvu ya kisheria ila angalau wanapiga simu. Mwaka huu mmoja ameenda Mwanza, wamenitumia mipira miwili. Mipya, na pampu.

---

Kijani Damu Njiro

Hongera kocha, hiyo ndo tredi ya kwanza katika historia ya Ngarenaro.

---

Chalii wa Mbauda

Kocha heshima kwako, nitumie namba inboksi, kuna neti mbili nimehifadhi nyumbani.

Turudi. Mmenipiga kila upande, sasa niambieni AD afanyweje. Miaka 32, mechi yake ya kwanza Dallas kapiga 26 afu akaumia robo ya tatu hapo hapo, msimu ule wote katuchezea mechi 9. Sasa hivi yuko nje tena. Kyrie goti lilikatika mwezi wa tatu. Mi moyo unasema tuwasubiri wapone, tucheze na Flagg wote kwa pamoja angalau mara moja tuone.

---

Dada wa Rau

Kaka jibu ulishalipa mwenyewe kwenye swali. Miaka 32 na anaumia, unasubiri nini? Na kuna kitu hujakisema, sijui hukijui au unakikwepa. Dallas kuanzia 2027 mpaka 2030 hawana uhuru na piki zao wenyewe. Ya 2027 wanadaiwa na Charlotte, ya 2028 OKC wana haki ya kubadilishana, ya 2029 ilishaenda, ya 2030 San Antonio wana haki ya kubadilishana. Zamu yao wenyewe iliyobaki salama kabla ya 2031 ni ya 2026 tu. Maana yake kufungwa mwaka huu kuna faida, kufungwa mwakani na kuendelea unafungwa kwa faida ya jirani. Kwa hiyo mtoe AD msimu huu huu, ufungwe msimu huu huu, uchague juu 2026, umuwekee Flagg mwenzake wa rika lake. Flagg hajatimiza hata miaka 19, anatimiza Desemba. Kumfunga na mtu wa 32 anaechechemea ni kama kufunga ndama na punda kwenye jembe moja.

Kyrie mi ningembakiza. Mtu ambae goti limekatika ukimtoa leo humuuzi, unamgawa bure. Subiri apone, acheze miezi miwili, bei irudi, ndo umtembeze.

---

Dalali wa Mawe

Na mtembezeni kwa WOTE. Msimnong'oneze mtu.

---

Mzee wa Ribaundi

Mi natofautiana na dada hapo kidogo. Mtoto wa miaka 18 ukimuacha peke yake na timu inayofungwa kila siku anajifunza kufungwa. Nimeona vijana wengi wazuri wakizoea. AD hata akikaa benchi na suti anamfundisha mtoto kuzuia, kusimama, kuongea. Ningemtoa ndio, ila nisingemtoa kwa piki tupu, ningetaka mtu mzima mmoja au wawili wanaojua kazi warudi kwenye kile chumba.

---

Dada wa Rau

Hilo nalikubali mzee wangu. Mishahara ya kulinganisha ipo, basi irudi na watu wazima wenye adabu.

---

Chalii wa Mbauda

Sawa. Nimebadili kauli NUSU. Staa anaweza kutolewa, akiwa anashuka na wanunuzi wakiwa wengi. Luka alikuwa anapanda na mnunuzi alikuwa mmoja. Hiyo nusu nyingine siitoi mpaka nife, na Flagg mkimgusa nahamia kriketi.

---

Tajiri Mtoto wa Sakina

Na ile jezi ya Luka 77 ya bluu uliyopiga nayo picha kwenye profaili, bado unaivaa?

---

Chalii wa Mbauda

Ipo kabatini. Niliipata Kilombero elfu kumi na nane, siwezi kuivaa siwezi kuitupa.

---

Dada wa Rau

Kaka yangu ana Dirk 41 nyeupe, ilishambana, amenenepa. Tubadilishane? Nina mdogo wangu shabiki wa Lakers ila anampenda Luka wa Dallas, usiniulize.

---

Chalii wa Mbauda

DIRK?? Nakuja Moshi leo.

---

Dalali wa Mawe

Chalii funga karatasi! Ondoka! Usionyeshe furaha mbele ya mnunuzi, tumeongea nini hapa siku nzima?

---

Chalii wa Mbauda

Daah kweli. Basi nafikiria. Nitaangalia na ofa zingine.

---

Mjukuu wa Mangi

Mi natoa jezi ya Brunson na elfu tano.

---

Dada wa Rau

Chelewa chelewa. Naongeza: Dirk 41, na belo la kwanza tutakalofungua na shoga yangu pale Mbuyuni 2026 wewe unaingiza mkono wa kwanza. Ila hiyo zamu imelindwa, ikitokea jezi ya Flagg ndani ni yangu.

---

Chalii wa Mbauda

Lindwa ya Flagg sikubali. Toa hiyo tumalize.

---

Dada wa Rau

Sawa natoa, ila unaleta ikiwa imefuliwa.

---

Chalii wa Mbauda

Imekubaliwa. Naiweka kwenye Coaster ya saa nne kesho, nitakutumia namba ya konda. Na ya kwako iko safi?

---

Dada wa Rau

Iko safi, ina doa la mchuzi begani tu, dogo sana.

---

Dalali wa Mawe

Chalii ikifika ipeleke dirishani uiangalie kwenye mwanga kabla hujasema ndio. Lakers Februari hiyo hiyo walimchukua Mark Williams wa Charlotte, wakampima, wakamrudisha.